Mguu Mmoja Ukingoni, Mwingine Mashuani: Maisha na Sinema ya Vasily Shukshin

Katika filamu ya Kirusi iitwayo Kalina Krasnaya, iliyotoka mwaka 1974, kuna kipande cha dakika chache ambacho mtazamaji hubaki nacho hata akisahau mengine yote. Mwizi mzoefu aitwaye Yegor Prokudin, ambaye hana siku nyingi tangu atoke gerezani, anaingia pamoja na mwanamke aitwaye Lyuba katika nyumba ya bibi kizee kijijini. Lyuba ndiye anayezungumza, kama mgeni aliyekuja kwa shughuli za ofisi. Anamuuliza bibi habari za watoto wake, wangapi wako hai na wangapi wamepotea. Prokudin ameketi kando, macho yake yamefichwa na miwani ya giza, wala hatoi neno. Yule bibi ni mama yake mzazi, hajamwona kwa miaka mingi, na mwana hana uwezo wa kuivua ile miwani. Wakishatoka, Prokudin anajitupa chini kwenye kilima karibu na kanisa, anaushindilia uso wake ardhini na kulia.

Mtu aliye nyuma ya miwani ile ni Vasily Makarovich Shukshin. Yeye ndiye aliyeitunga hadithi, yeye ndiye aliyeiongoza filamu, na yeye ndiye aliyemwigiza Prokudin. Lyuba ni Lidia Fedoseyeva-Shukshina, mke wake wa ndoa. Bibi kizee si mwigizaji hata kidogo. Ni mwanakijiji wa mkoa wa Vologda, kaskazini mwa Urusi, aliyefuatwa na kamera nyumbani kwake, na huzuni anayoisimulia juu ya watoto wake ni huzuni yake mwenyewe. Kwa hiyo mtazamaji anaona mambo mawili kwa pamoja: mama wa kweli anasema kweli, na mwana wa kutungwa anamsikiliza akiwa na machozi ambayo hayaonekani kuwa ya kutungwa.

Anayekutana na jina la Shukshin kwa mara ya kwanza hukwama kwenye maswali mawili. La kwanza ni kwamba hajulikani awekwe fungu gani, kwa kuwa Warusi wengine humtaja kama mwandishi wa hadithi fupi, wengine kama mwongozaji wa filamu, na wengine wanamjua kwa sura yake tu, ile ya mifupa ya mashavu iliyochomoza na macho yaliyofinywa kama ya mtu anayetazama jua. La pili ni gumu zaidi: mtu ambaye baba yake alipigwa risasi na dola ya Kisovyeti aliwezaje kuwa mwanachama wa chama kilichoiongoza dola hiyo, akapewa tuzo zake za juu, na bado akanyimwa ruhusa ya kutengeneza filamu aliyoitamani kuliko zote? Kwa maoni yangu maswali haya yana mzizi mmoja, nao umezama katika kijiji kimoja cha Siberia.

Mtoto wa Srostki

Shukshin alizaliwa tarehe 25 Julai 1929 katika kijiji cha Srostki, jimbo la Altai, kando ya mto Katun na karibu na mji wa Biysk. Mwaka huo ndio Stalin alioharakisha mpango wa kuwaingiza wakulima wote katika mashamba ya pamoja, yaliyoitwa kolkhozi. Ng'ombe, farasi na majembe ya kukokotwa vilichukuliwa vikawa mali ya shamba. Aliyesitasita aliweza kuitwa kulaki, yaani mkulima tajiri adui wa wenzake, akanyang'anywa nyumba na kupelekwa uhamishoni. Mwaka 1933, njaa ikiwa imezikumba sehemu nyingi za nchi, Makar Shukshin, baba yake Vasily, alikamatwa pamoja na wanaume wengine kwa tuhuma za kupanga uasi, na akapigwa risasi. Ilibidi Stalin afe, na miaka mitatu zaidi ipite, ndipo mwaka 1956 dola ikatamka kwamba Makar hakuwa na hatia.

Mama, Maria Sergeyevna, alibaki na watoto wawili wadogo, Vasily na dada yake Natalya. Jina la mtu aliyeuawa kama adui wa umma lilikuwa hatari kwa watoto wake, kwa hiyo Vasily alikua akitumia jina la ukoo wa mama, Popov. Alilirudia jina la Shukshin alipofikia umri wa kuchukua kitambulisho. Mama aliolewa tena na mtu mwema ambaye watoto walimpenda, lakini vita na Ujerumani vikaja na baba huyo wa kambo naye hakurudi. Anayejiuliza kwa nini filamu za Shukshin zimejaa akina mama wanaosubiri, na kwa nini akina baba ni nadra hivyo, hana haja ya kutafuta mbali.

Kuna jambo la kisheria ambalo lisipoelezwa, hadithi yote ya mtu huyu haieleweki. Mwaka 1932 Umoja wa Kisovyeti ulianzisha pasipoti za ndani, yaani vitambulisho ambavyo bila hivyo mtu hakuweza kuishi mjini wala kupata kazi huko. Wakazi wa mijini walipewa. Wakulima wa kolkhozi kwa jumla hawakupewa. Mkulima alikuwa amefungwa kwenye ardhi kwa karatasi ambayo hakuwa nayo. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 40, mpaka agizo la mwaka 1974 liliposema kwamba raia wote watapewa pasipoti, na ugawaji wake ukaanza mwaka 1976. Kutoka kijijini kwenda mjini, kwa kizazi cha Shukshin, hakukuwa suala la nauli na ujasiri tu. Kulihitaji njia iliyokubaliwa na dola, na njia hizo zilikuwa chache: shule, jeshi, au kuandikishwa kwenye ujenzi wa viwanda.

Shukshin alizipita zote. Alianza chuo cha ufundi wa magari Biysk akakiacha kabla ya kumaliza. Kuanzia mwaka 1947 alifanya kazi za vibarua na ufundi katika ujenzi wa viwanda huko Kaluga na Vladimir, kisha karibu na Moscow. Mwaka 1949 akaitwa jeshini, akawa baharia na mtu wa redio katika kikosi cha majini cha Bahari Nyeusi, mpaka vidonda vya tumbo vikamrudisha nyumbani. Hapo Srostki alijisomea peke yake, akafanya mitihani ya sekondari bila kuketi darasani, akafaulu, na akapewa kufundisha katika shule ya jioni ya vijana wa kijijini, ambayo pia alikuwa mkuu wake. Wanafunzi wake walikuja wakiwa wamechoka na kazi za siku nzima shambani. Baadaye aliandika kwamba, ingawa hakuwa mwalimu bora, hakuweza kusahau macho yao ya shukrani pale alipofaulu kuwasimulia jambo la maana.

Mwaka 1954 aliamua kwenda Moscow. Inasimuliwa kwamba mama yake aliuza ng'ombe ili apate pesa za safari. Katika nyumba ya mjane wa Siberia, ng'ombe ni maziwa ya watoto na ndiyo akiba nzima ya nyumba. Kila deni ambalo wahusika wa Shukshin wanalibeba kwa mama zao lina uzito wa ng'ombe huyo.

Darasa la Mikhail Romm

Chuo alichoingia, VGIK, kilianzishwa mwaka 1919 na kinahesabiwa kuwa shule ya kwanza ya sinema duniani. Utaratibu wake ni wa uanagenzi: mwongozaji mwenye jina huchagua kikundi cha wanafunzi, akawalea kwa miaka mitano kama fundi anavyowalea vijana wa karakana yake. Mwaka huo mwalimu alikuwa Mikhail Romm. Miongoni mwa aliowachukua walikuwamo vijana wawili ambao ungewaweka chumba kimoja kwa makosa tu: Andrei Tarkovsky, mtoto wa mshairi, aliyelelewa katikati ya vitabu, na Shukshin, mwenye miaka 25, aliyekuja na buti na nguo za kijeshi kwa kuwa hakuwa na nyingine. Romm aliona vipaji viwili visivyofanana na akavikubali vyote viwili. Ninaamini hiyo ndiyo huduma kubwa kuliko zote alizoifanyia sinema ya nchi yake, pamoja na filamu zake mwenyewe.

Chuoni Shukshin alijulikana kama mshamba, na kwa muda alilitumia jina hilo kama ngao. Aliyedhaniwa kuwa hajui kitu aliweza kusoma kimyakimya usiku kucha bila kuulizwa. Romm alimpa orodha za vitabu vya kusoma na, lililo muhimu zaidi, alimwambia aandike hadithi na kuzipeleka kwenye magazeti. Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1958, na kitabu chake cha kwanza, kiitwacho Wanakijiji, kikatoka mwaka 1963.

Uigizaji ulikuja karibu kwa bahati. Mwaka 1958, akiwa bado mwanafunzi, alipewa nafasi kuu katika Fyodor Wawili, filamu ya Marlen Khutsiev kuhusu askari anayerudi kutoka vitani na kumlea mtoto yatima. Watu wa sinema waliona mara moja kwamba mwanafunzi huyu haigizi kama wengine. Hatupi mikono wala hapandishi sauti. Anakaa kimya, na ukimya wake unajaa. Tangu hapo waongozaji walimwita mara kwa mara, na kwa kazi ya mkurugenzi wa kiwanda katika Ziwani, filamu ya Sergei Gerasimov ya mwaka 1969, alipata Tuzo ya Taifa mwaka 1971.

Hapa ndipo swali la kwanza linapojibika. Shukshin hakuchagua fani tatu kwa tamaa ya kushika kila kitu. Baada ya kuhitimu, hakuwa na kibali cha ukaazi wa Moscow, na asiye na kibali hakuajiriwa, na asiyeajiriwa hakupata kibali. Kwa miaka kadhaa alilala kwa marafiki na kwenye mabweni. Uigizaji ulimlisha. Uandishi ulihitaji daftari tu, na alijaza madaftari mengi ya bei rahisi, akiandika usiku baada ya kazi. Uongozaji, ambao ndio aliousomea, ulikuja mwisho, mwaka 1963, alipochukuliwa na studio ya Gorky, studio ya Moscow iliyotengeneza filamu za watoto na vijana. Kufika hapo alikuwa amekwisha kuwa watu watatu, na hakuweza tena kumfukuza hata mmoja wao.

Jinsi filamu ilivyopita milangoni

Ili kuelewa mapambano yaliyofuata, ni lazima kujua jinsi filamu ilivyozaliwa katika Umoja wa Kisovyeti. Hakukuwa na mtu binafsi aliyetoa fedha. Dola ndiyo iliyomiliki studio, kamera, utepe wa filamu, maabara na majumba ya sinema. Mwongozaji alianza kwa kupeleka mswada kwa wahariri wa studio. Ukipita hapo ulikwenda kwenye baraza la sanaa la studio, lenye wakongwe wa kazi hiyo. Juu yao ilikuwapo kamati ya taifa ya sinema, iliyojulikana kwa kifupi kama Goskino, ambayo iliweza kuukubali mradi, kuurudisha na masahihisho, au kuuzima. Filamu iliyokamilika ilirudi kwenye milango ileile, mara hii kwa ajili ya kukaguliwa picha kwa picha. Kisha ilipangiwa daraja, na daraja ndilo lililoamua nakala ngapi zichapwe na mwongozaji alipwe nini.

Mfumo huu ulikuwa na sura mbili. Uliweza kumpa kijana asiye na chochote fedha za kutengeneza filamu ambayo katika nchi nyingine hakuna tajiri angeilipia. Uliweza pia kumwekea mtu huyohuyo mkono begani na kumwambia asubiri, mwaka baada ya mwaka, bila kumwambia hapana. Shukshin alikutana na sura zote mbili, mara nyingine ndani ya ofisi moja.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Yupo Kijana wa Namna Hii, ya mwaka 1964, inamfuata dereva wa lori aitwaye Pashka Kolokolnikov kwenye barabara ya Chuya, inayopita hapohapo Srostki kuelekea Mongolia. Pashka ni mchangamfu, mwongo kidogo, na siku moja analiendesha lori linalowaka moto ili lisilipuke kwenye ghala la mafuta. Filamu ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu wa Mtakatifu Marko huko Venice, katika kundi la filamu za watoto na vijana, na nyumbani ikapewa tuzo ya kichekesho bora. Tuzo hii ya pili ilimsumbua mwandishi. Hakuwa amekusudia kuchekesha. Alidhani amesimulia habari za mtu mwema anayetafuta pa kuuweka moyo wake.

Kosa hilo la kusomwa vibaya lilimwandama. Katika hadithi zake, ambazo ni zaidi ya 120, kuna aina ya mtu ambaye Warusi humwita chudik. Si mwendawazimu wala mjinga. Ni mtu ambaye jema lililo ndani yake hutoka kwa njia isiyo na mpangilio. Katika hadithi yenye jina hilohilo, chudik anaona noti ya rubo 50 sakafuni dukani, anafurahi kupata nafasi ya kuwa mwaminifu mbele za watu, anaikabidhi kwa mzaha mzuri na kutoka. Njiani anagundua kwamba noti ni yake mwenyewe. Hawezi kurudi kuidai, kwa sababu anajua jinsi macho ya watu yatakavyomtazama. Wapo waliocheka wakaishia hapo. Lakini ukiisoma polepole unaona mtu ambaye ameishi akidhaniwa vibaya kiasi kwamba hata ukweli wake mwenyewe ameuogopa.

Filamu ya pili, Mwanao na Ndugu Yako, ya mwaka 1965, ilileta ugomvi wa wazi. Wahakiki walimshutumu kwamba anautukuza ushamba wa kijiji na kuuchukia mji. Alijibu kwa makala, na katika mojawapo, akikaribia umri wa miaka 40, aliandika sentensi ambazo hadi leo ndizo maelezo bora kuliko yote juu yake. Alisema kwamba hakuwa tena mtu kamili wa kijijini wala hakuwa mtu kamili wa mjini. Si kama aliyeketi kati ya viti viwili, bali kama mtu mwenye mguu mmoja ukingoni na mwingine mashuani, asiyeweza kuacha kusafiri na anayeogopa kidogo kusafiri. Kisha akaongeza kwamba hali hiyo ina faida yake, kwa kuwa katika kulinganisha huku na kule, fikra humjia mtu si juu ya mji na kijiji peke yake bali juu ya Urusi nzima.

Sipendi kumfanya Shukshin mtakatifu. Tazama jinsi wake wa wahusika wake wanavyogeuka mara nyingi kuwa wagomvi wenye kuhesabu kopeki, yaani senti za Kirusi, na jinsi wauza duka na makarani wanavyochorwa kwa kalamu nzito ya hasira; hapo mguu wake wa ukingoni ulimlemea. Filamu ya tatu, Watu wa Ajabu, ya mwaka 1969, iliyounganisha hadithi tatu, mwenyewe aliiona kuwa haikufaulu. Katika miaka hiyo pia alikunywa sana, jambo aliloliacha baadaye kwa ajili ya binti zake wadogo, Maria na Olga.

Razin, filamu isiyokuwapo

Tangu katikati ya miaka ya 1960 alikuwa na kazi moja moyoni. Stepan Razin alikuwa Kosaki, yaani mpiganaji wa jamii huru za nyikani, wa mto Don, aliyeongoza uasi mkubwa wa wakulima na watumwa wa ardhi katika miaka ya 1670 na 1671, na akauawa hadharani Moscow. Watu wa kawaida walimgeuza kuwa nyimbo. Serikali ya Kisovyeti nayo ilimheshimu, kwa kuwa aliasi dhidi ya tsar, mfalme wa Urusi. Ungedhani mradi huo ungepita kwa urahisi.

Haukupita. Mswada ulikuwa wa filamu ndefu, yenye umati, mashua, majeshi na mji wa karne ya 17, na gharama yake ilitisha. Ulikuwa na ukatili, wakati ambapo filamu ya Tarkovsky kuhusu mchoraji Andrei Rublev, iliyokamilika mwaka 1966, ilikuwa bado imefungiwa, ukatili ukiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Nadhani hata hivyo sababu nzito zaidi haikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Razin wa Shukshin si sanamu ya mapinduzi. Ni mtu anayewapa wakulima uhuru kisha anawaacha wachinjwe kwenye uwanja wa vita, akikimbia na Makosaki wake, na dhambi hiyo inamla mpaka jukwaa la kuuawa. Mtoto wa Makar Shukshin alikuwa akiuliza nini humpata mkulima pale mkombozi wake anaposhindwa au anapochoka. Katika nchi iliyoendeshwa kwa jina la wakulima na wafanyakazi, swali hilo halikuwa la karne ya 17.

Mwaka 1971 maandalizi yalisimamishwa katika studio ya Gorky. Riwaya aliyoiandika juu ya Razin ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la Siberia; filamu ikabaki ahadi. Badala yake alitengeneza Pechki-Lavochki, iliyotoka mwaka 1972, kuhusu dereva wa trekta, Ivan Rastorguyev, anayesafiri kwa treni na mkewe Nyura kutoka Altai kwenda kupumzika baharini kusini. Ivan na Nyura ni Shukshin na Fedoseyeva, na binti zao wawili wanaonekana pia. Ndani ya treni wanakutana na mwizi mwenye adabu na profesa wa lugha anayewakaribisha nyumbani kwake Moscow, na kila mtu wa mjini anamfanya Ivan ajione mdogo au ajihami. Mwishoni Ivan amerudi kwao, ameketi ardhini miguu mitupu, anaitazama kamera na kutuambia kwamba basi, jamani, ndio mwisho. Ni filamu nyepesi kwa nje, na wengine huipita haraka wakikimbilia ile iliyofuata. Mimi naiweka juu kabisa, kwa kuwa hapa hakuna bastola wala kifo. Kuna aibu ndogondogo tu za mtu mwenye heshima aliye ugenini ndani ya nchi yake.

Kalina nyekundu

Kalina ni kichaka cha matunda madogo mekundu yanayokaa matawini mpaka theluji inaanguka. Ni machungu, na baridi kali ndiyo inayoyapunguzia uchungu. Katika nyimbo za Kirusi kalina huambatana na mapenzi yaliyochelewa, na Shukshin hakuchagua jina la filamu yake bila sababu.

Alikuwa amehamia Mosfilm, studio kubwa kuliko zote, kwa matumaini kwamba huko Razin atapata ruhusa. Kwanza alipaswa kutengeneza filamu ya maisha ya sasa. Akachukua hadithi yake ndefu iliyochapishwa mwaka 1973 na kwenda kuipigia picha karibu na mji wa Belozersk, mkoani Vologda, pamoja na mpigapicha Anatoly Zabolotsky. Prokudin, ambaye wezi wenzake wamempa jina la Huzuni, anatoka gerezani na kwenda kwa Lyuba, mwanamke wa kijijini aliyekuwa akiandikiana naye barua. Wazazi wa Lyuba wanaogopa. Kidogo kidogo mtu huyu, ambaye alikimbia kijiji utotoni wakati wa njaa, anaikumbuka kazi ya ardhi, anapanda trekta, anapita kati ya miti ya betula, yenye magome meupe, na kuisemesha kama ndugu. Kisha genge lake la zamani linakuja na kumpiga risasi shambani.

Filamu za Kisovyeti zilikuwa zimewaonyesha wahalifu wanaorekebishwa, na dawa yao mara nyingi ilikuwa chama, polisi mwema, au kiwanda. Kwa Prokudin dola haionekani kabisa upande wa uponyaji; iko upande wa gereza. Kinachomponya ni mwanamke mmoja na shamba lililolimwa, na hakimponyi vya kutosha. Wakaguzi walitaka mengi yakatwe, na Shukshin, akiwa mgonjwa wa vidonda vyake vya tumbo, alifanya upunguzaji kwa mkono wake mwenyewe badala ya kumwachia mwingine. Filamu ilipita. Ilipata tuzo kuu ya tamasha la filamu la nchi nzima lililofanyika Baku mwaka 1974, na tiketi milioni 62.5 zikauzwa.

Jarida moja la fasihi liliwakusanya wahakiki kuijadili, na wengine waliona kwamba kifo cha Prokudin ni mwisho wa bandia, wa filamu za majambazi. Shukshin aliwajibu kwamba huenda Prokudin mwenyewe, kwa kujua au kwa kutojua, alikuwa akikitafuta kifo. Ukikirudia kile kipande cha mama na miwani ya giza, jibu hilo linaeleweka. Risasi ya genge inamkuta mtu ambaye tayari ameshajihukumu pale alipotoka kwa mama yake bila kusema jina lake.

Hivyo swali la pili nalo linajibika, walau kwangu. Shukshin hakuwa mpinzani wa siri aliyevaa kinyago cha mwanachama, wala hakuwa msanii wa dola aliyesahau damu ya baba yake. Alijiunga na chama mwaka 1955, mwaka mmoja kabla baba yake hajasafishwa, kwa sababu aliamini kwamba nchi ile ilikuwa yake pia na kwamba ukweli ungeweza kusemwa ndani yake. Aliandika makala iliyosema tangu kichwa chake kwamba maadili ni ukweli. Dola ilimtuza kwa sababu mamilioni ya watu waliotoka vijijini walijiona katika uso wake, na ilimzuia kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka 1974 Sergei Bondarchuk, mwongozaji na mwigizaji mwenye uzito mkubwa Mosfilm, alimtaka aigize askari Lopakhin katika Walipigania Nchi Yao, filamu iliyotokana na kazi ya Mikhail Sholokhov kuhusu majira ya joto ya mwaka 1942. Shukshin alikubali, na mlango wa Razin ulionekana kufunguka. Upigaji picha ulifanyika kwenye nyika za mto Don, mto wa Razin mwenyewe, na waigizaji waliishi ndani ya meli iitwayo Dunai iliyotia nanga karibu na Kletskaya. Usiku, baada ya kazi, aliendelea kuandika kwenye madaftari yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba 1974 moyo wake ulisimama akiwa chumbani mwake melini. Alikuwa na miaka 45. Aliyemkuta asubuhi ni Georgi Burkov, rafiki yake, yuleyule aliyekuwa mkuu wa genge linalomuua Prokudin. Mama yake alitaka azikwe Srostki, lakini alizikwa Moscow, katika makaburi ya Novodevichy, na watu waliopanga foleni kumuaga walikuja na matawi ya kalina yenye matunda mekundu. Tuzo ya Lenin alipewa mwaka 1976, miaka miwili baada ya kufa.

Bondarchuk aliikamilisha filamu kwa kumtumia mtu wa kufanana naye katika picha chache zilizobaki. Sauti yake kwa filamu hiyo ilikuwa bado haijarekodiwa studio. Mwaka 1975 watazamaji walipoingia sinema waliona uso wa Shukshin, vumbi la nyika likiwa kwenye nyusi zake, akitania, akitukana na kuchimba handaki, na mdomo wake ulipofunguka iliyosikika ilikuwa sauti ya mwigizaji mwingine, Igor Yefimov.